Joto la Wodi ya Watoto

Katika idara nzima ya fizikia hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu, wanafunzi, mpaka mlinzi wa getini, wote walimwita Mama Vipimo, naye akaitika, basi likawa jina. Alikuwa fundi wa maabara kwa miaka ishirini na tisa. Shahada hakuwa nayo, ila wenye shahada zao walipokwama walijua mlango wa kugonga: chumba cha chini, cha pili kutoka ngazini, chenye meza ndefu iliyobabuliwa na tindikali pembeni na kabati la kioo ambamo vipima joto vilipangwa kama vijiko vya wageni.

Vipima joto hivyo alivijua kimoja kimoja. Alivitia namba kwa rangi ya kucha, nyekundu, na kasoro ya kila kimoja ilikuwa kichwani mwake. "Namba nne ana haraka," aliwaambia wanafunzi. "Namba tisa mvivu, mpe dakika tano ndipo umwamini." Wanafunzi wapya walichekea mikononi. Baada ya wiki mbili nao walikuwa wanaongea hivyohivyo bila kujijua.

Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani ndiye sasa aliyekuwa mkuu wake kazini. Kila mtu alimwita Daktari. Alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano, kama alivyozoea kujitetea mwenyewe watu walipomfuata na vikohozi vyao. Kwa miaka mitatu Daktari alikuwa amehangaika na rangi nyeupe ya kupaka mabati, mchanganyiko wa chokaa, unga wa mawe na gundi, ambayo ilirudisha jua lilikotoka badala ya kulikaribisha ndani. Mama Vipimo alikuwa amemkorogea ndoo zisizo na idadi. Mikunjo ya vidole vyake haikuwa imetakata tangu mwaka wa kwanza.

Hatimaye rangi ikakubali. Wakaitoa maabara wakaipeleka kwenye kituo cha afya, dakika ishirini kwa gari kutoka chuoni. Pale kulikuwa na majengo mawili yaliyofanana kama pacha: wodi ya wazazi na wodi ya watoto. Urefu ule ule, madirisha yale yale, mabati ya mwaka mmoja. Wakapaka paa la wodi ya wazazi na kuliacha la watoto kama lilivyo, ili wapate la kulinganisha. Mama Vipimo akatundika vipima joto vyake pande zote mbili, kwenye ukuta wa magharibi, usawa wa vitanda. Vikaandika joto kila baada ya dakika kumi, usiku na mchana, kwa wiki tano.

Matokeo yalipotoka, Daktari alishuka ngazi mbili mbili.

"Sita nukta nane, mama! Saa nane mchana, wodi yenye rangi ina nyuzi karibu saba chini ya ile nyingine. Saba!"

Alimkumbatia mbele ya wanafunzi. Habari ikapanda ghorofa, ikavuka uwanja, ikafika kitivo cha sheria, kwa mhadhiri mmoja mwanamke ambaye wote walimwita Wakili. Wakili alikuwa akiandika rasimu ya kanuni mpya ya majengo ya afya, kwamba paa lolote la wodi lipakwe rangi ya kurudisha jua. Ile sita nukta nane akaiweka kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito. Ijumaa iliyofuata, Daktari na Wakili wangesimama pamoja mbele ya kamati ya wizara.

Jumatatu ya wiki hiyo Mama Vipimo alikwenda kituoni peke yake kukusanya vifaa vyake.

Alifika saa nne asubuhi. Muuguzi mkuu, waliyemwita Sista, alikuwa anazunguka vitanda, hivyo Mama Vipimo akakaa kwenye benchi la wodi ya watoto kumsubiri. Magoti yalikuwa yanamsumbua tangu asubuhi. Akaegemea ukuta, akafumba macho kidogo, akajisikia vizuri, kama mtu aliyewekewa mgongoni kitambaa cha maji ya moto.

Halafu akafumbua macho.

Ule ulikuwa ukuta wa magharibi. Saa nne asubuhi jua bado liko mashariki, halijagusa upande ule wala halitaugusa mpaka mchana. Kwa nini uwe na joto? Akageuka, akaweka kiganja. Akasogea hatua tatu kushoto, akaweka tena. Moto. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha kwenye kitanda cha jirani alimwangalia akipapasa ukuta, akavuta mtoto wake karibu.

"Usiogope," Mama Vipimo akamwambia. "Sijarukwa na akili. Naangalia tu."

"Hata sisi tunahama huu upande," yule mama akasema. "Mchana hapa hapalaliki."

Akatoka nje, akazunguka jengo. Nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba kipya cha matofali, na kutoka ndani ilisikika ngurumo kama ya tumbo la mtu mwenye njaa. Mlangoni alisimama mfuaji wa kituo, mwanamke mwenye mikono minene, amebeba rundo la mashuka.

"Dada, hii ni mashine gani?"

"Ya kukaushia. Tumeletewa, ni wiki ya saba hii. Tangu ije mgongo wangu umepona."

"Inafanya kazi kila siku?"

"Jumatatu mpaka Ijumaa. Asubuhi mpaka saa tisa. Jumamosi na Jumapili nami ni mtu, napumzika."

Bomba la hewa moto lilitoka kwenye mashine, likapinda chini ya paa, na kupuliza kwenye ukuta wa wodi ya watoto. Mama Vipimo alilitazama mpaka mfuaji akamuuliza kama anaumwa. Alikuwa anahesabu. Mashine ilikuja wiki moja kabla ya kuanza kupima. Na yeye vipima joto alikuja kuvitundika siku gani? Jumapili. Alichagua Jumapili kwa makusudi, ili asiwasumbue wagonjwa kwa kelele za nyundo. Mashine ilikuwa imelala. Hakuzunguka nyuma. Hakuuliza.

Alirudi chuoni na vifaa vyake kwenye kikapu, hakula mchana. Alifunga mlango wa maabara, akachapa mchoro wa joto la wiki zote tano, akautandaza kwenye meza ndefu. Wala hakuhitaji miwani. Tofauti ya joto kati ya wodi mbili ilipanda juu siku tano, ikashuka siku mbili. Milima mitano, vichuguu viwili. Milima mitano, vichuguu viwili. Mara tano, bila kukosea.

Alikaa kwenye kiti chake, akavitazama vidole vyake vyenye chokaa, na wazo la kunyamaza likamjia. Vifaa viko kwenye kikapu. Hakuna mwingine aliyeegemea ule ukuta. Daktari angeitwa profesa mwaka huu huu, kila mtu alisema. Rangi yenyewe si ya uongo, inapoza kweli. Kuna dhambi gani namba ikinenepa kidogo?

Wazo lilikaa naye kama dakika tano. Halafu akakunja mchoro, akaenda kumtafuta shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa mume wake, alifundisha hisabati jengo la pili. Alikuwa mtu mwembamba wa utani mwingi, na ofisi yake ilikuwa na ubao uliojaa maandishi ambayo mfagizi alikatazwa kuyagusa.

"Shemeji mke!" akasema. "Leo jua limetokea wapi? Au kaka amekukorofisha nimkanye?"

"Kaka yako hana neno. Angalia hii."

Aliangalia. Utani ukamtoka usoni polepole. Akachukua kalamu, akaandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Mama Vipimo alisimama akitazama mgongo wa shati lake.

"Ukitoa siku za mashine," shemeji akasema mwishowe, "zinabaki siku kumi tu. Jumamosi na Jumapili. Na hizo kumi zinakupa tatu na nusu."

"Nusu ya ile."

"Nusu ya ile, ndiyo. Na usiimeze nzima nzima. Inaweza kuwa tatu, inaweza kuwa nne." Akaweka kalamu chini. "Umemwambia?"

"Bado."

"Nikusindikize?"

"Hapana. Nilivitundika mimi, nitasema mimi."

"Basi mimi sijaona kitu mpaka yeye mwenyewe aseme," shemeji akasema, akampa mchoro wake. Kisha akaongeza, kwa sababu hakuweza kujizuia, "Ila vichuguu vyako vizuri sana, shemeji. Miaka kumi nimewatafutia wanafunzi mfano kama huo."

Kesho yake asubuhi alimkuta Daktari ofisini anajifunza hotuba yake. Alikuwa amevaa tai, mapema yote hiyo, kuizoea.

"Daktari, una nafasi?"

"Kwako ninayo siku zote, mama. Kaa. Sikiliza hii sentensi ya mwisho, uniambie kama nimetia chumvi." Akakohoa, akasoma kitu kuhusu watoto wachanga na haki ya kupumua hewa yenye ubaridi. Ilikuwa nzuri. Ilimgusa.

"Sentensi nzuri," Mama Vipimo akasema. "Namba ndiyo si ya kweli."

Daktari alicheka. Aliona uso wake, akaacha kucheka. Mama Vipimo akautandaza mchoro juu ya hotuba na kumweleza yote kwa mpangilio: benchi, ukuta, mashine, bomba, Jumapili. Hakujitetea wala hakuharakisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Shemeji yangu."

"Yule wa hisabati? Basi chuo kizima kinajua."

"Hajasema na hatasema. Anakusubiri wewe."

Daktari aliinuka, akaenda dirishani. Shingo ilikuwa imevimba juu ya ile tai. "Nimeshawaandikia, mama. Wizara. Nimewaandikia sita nukta nane, na sahihi yangu chini." Akageuka. "Na ni wewe uliyevitundika!"

Miaka yote hiyo hakuwahi kumpandishia sauti. Sekretari wa chumba cha pili aliacha kuchapa.

"Ni mimi," Mama Vipimo akasema. "Nilikwenda Jumapili, sikuuliza nyuma ya ukuta kuna nini. Nimekosa, mwanangu, wala sina la kujifichia. Lakini nikinyamaza leo nitakuwa nimekosa mara mbili, na hiyo ya pili sitaweza kulala nayo."

Daktari akageukia tena dirisha. Mama Vipimo akatoka. Kule chini alianza kuosha chupa za kioo ambazo alikuwa ameziosha Ijumaa. Aliosha zote, akazipanga, akazitoa, akaanza upya.

Alikuwa kwenye duru ya pili mlango ulipofunguka. Daktari hakuwa na tai tena.

"Hizo si ni safi?" akauliza.

"Ni safi."

Akavuta kigoda, akakaa mahali alipokuwa akikaa akiwa mwanafunzi, kwenye pembe ya meza, magoti yakigonga droo. Akakwaruza chokaa kwenye ubao wa meza kwa ukucha.

"Nimekufokea."

"Umenifokea."

"Nisamehe, mama."

"Yameisha. Sasa tunafanyaje?"

"Kesho tunakwenda. Naomba wazime mashine siku nzima, tupime tena mbele ya macho yangu. Na huo ukuta nataka niuguse mwenyewe."

Jumatano, basi, walikuwa kituoni kabla wagonjwa wa nje hawajapanga foleni, wakavitundika tena vipima joto. Sista, mwanamke mfupi aliyetembea kama mtu anayechelewa gari, aliwasikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Nizime mashine? Na mashuka ya vitanda arobaini niyakaushe kwa mdomo?"

"Siku moja tu, Sista," Daktari akabembeleza. "Mimi mwenyewe nitayaanika."

Pengine alidhani ni maneno ya adabu tu. Sista alimpa beseni. Wagonjwa wa siku ile walisimulia nyumbani kwao kwamba wamemwona daktari mzima, mwenye viatu vya kung'aa, akianika mashuka kwenye kamba na kuyaangusha kwenye vumbi, huku mfuaji akimwelekeza kwa kidole na kucheka hadi kushika mbavu.

Saa tano ukuta ulikuwa bado wa baridi. Saa sita Daktari aliweka kiganja, akaweka mgongo, akaweka shavu. Saa nane mchana Mama Vipimo alisoma namba nne, akaipunguzia haraka yake, akasoma namba saba, kisha akavuka uwanja akasoma za wodi ya wazazi. Aliandika kwenye daftari, akamgeuzia Daktari aone.

Tofauti ilikuwa tatu nukta sita.

"Shemeji yako hakukosea," Daktari akasema. Alitoa pumzi ndefu. Halikuwa jambo la furaha, lakini mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Sista ndiye aliyekuwa hajaelewa, au ameelewa kitu kingine. Alikuwa amesimama katikati ya wodi ya watoto, anatazama vitanda vya upande wa magharibi. Kwa kawaida saa hiyo vilikuwa vitupu, akina mama wamehamia kwenye korido. Leo watoto watatu walikuwa wamelala hapo, midomo wazi, usingizi mzito.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mnaniambia ile mashine ndiyo inawachemsha watoto wangu?"

Daktari na Mama Vipimo walitazamana. Walikuwa wamehangaika na namba yao siku tatu nzima, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo. Mashine ilikuwa imewaharibia kipimo, sawa. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imewaharibia watoto mchana wao, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki sita.

"Inaongeza nyuzi tatu, Sista," Mama Vipimo akasema taratibu. "Zaidi kidogo ya tatu. Paa lenyewe linaongeza tatu na nusu."

Sista alikwenda mezani kwake, akarudi na daftari lililoshonwa upya mgongoni kwa uzi. Humo aliandika kila mtoto aliyepanda joto mchana bila kuonekana na ugonjwa wowote, mtoto ambaye wakimpeleka kivulini na kumfuta kwa maji hupoa. Zamani walikuwa wanne au watano kwa wiki. Tangu mashine ije, wamefika kumi na moja. Na karibu hakuna wa Jumamosi wala Jumapili.

"Nilidhani wikendi wauguzi wangu wanazembea kuandika," akasema. "Nimewagombeza kwa hilo. Nimewagombeza watoto wa watu bure."

Alifunga daftari, akatoka na ule mwendo wake. Dakika mbili baadaye walimsikia kwenye chumba cha kufulia, akimwambia mfuaji kwamba mashine haiwashwi tena mpaka ihame, na kama mgongo wake utauma basi waanike wote, kuanzia yeye mwenyewe.

Alhamisi ilikuwa ya Wakili. Mama Vipimo hakutaka kwenda, ila Daktari alimwambia peke yake haendi. Wakili aliwasikiliza kwenye ofisi iliyojaa mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni, kalamu nyekundu mkononi. Walipomaliza akafungua rasimu, akakata sita nukta nane kwa mstari mmoja.

"Hujakasirika?" Daktari akauliza.

"Nilikasirika jana, shemeji wa mama hapa alipopita kunisalimia akiwa na uso wa mtu aliyemeza siri, nikajua namba ina walakini," Wakili akasema. "Leo nimeshapoa. Sikieni. Kanuni ikipita, kuna siku mwenye kiwanda cha mabati atakwenda mahakamani kuipinga. Wakili wake atapima upya, hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya kwanza. Akikuta tatu badala ya saba, anatupa kanuni yote kwenye pipa, na mapaa yote yanarudi kuwa tanuri. Akikuta tatu na nusu, na sisi tumeandika tatu na nusu, anakwenda nyumbani." Akageukia Mama Vipimo. "Mama, umeniokoa aibu ambayo ningeipata miaka kumi baadaye, mbele ya jaji. Hiyo mashine nayo naiwekea kifungu. Kitu chochote cha moto kisijengwe kwenye ukuta wa wodi. Ajabu ni kwamba jambo hilo halijawahi kuandikwa popote. Nimetafuta."

Shemeji aliposimuliwa kuhusu ule uso wake, aliapa kwamba alikwenda kuazima kitabu tu.

Ijumaa chumba cha mkutano kilikuwa na meza ya umbo la yai, wanakamati tisa, na viti vya ukutani kwa wasindikizaji. Mama Vipimo alikaa kwenye cha mwisho, karibu na mlango. Mume wake, fundi cherehani, alikuwa amempunguzia gauni lake la bluu kiunoni asubuhi ile ile, na bado lilikuwa na joto la pasi.

Daktari alisimama. Tai alikuwa ameirudisha.

"Waheshimiwa, namba niliyowaandikia si sahihi," akaanza, bila salamu ndefu. "Ilikuwa sita nukta nane. Ukweli ni tatu na nusu, na inaweza kupungua au kuongezeka nusu. Aliyegundua yumo humu ndani. Ningependa awaeleze mwenyewe."

Hawakuwa wamepanga hivyo! Mama Vipimo alimtolea macho. Daktari alikuwa ameshasogea pembeni, amemwachia nafasi, na wanakamati tisa walikuwa wamegeuza shingo kuelekea mlangoni. Akainuka. Akaanza kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na wanafunzi wawili watatu, na alipofika kwenye milima mitano na vichuguu viwili aligundua kwamba sauti imerudi yenyewe na mikono inachora hewani. Alisema kosa lilikuwa lake la Jumapili. Akaeleza walivyozima mashine, walichopima, na kilichokuwa ndani ya daftari la Sista.

Mwenyekiti, mzee mwenye kipara aliyekuwa amesinzia mwanzoni, aliinama mbele.

"Mama, kulikuwa na vyombo vya kisasa vinane mle ndani. Wewe ulijuaje?"

"Mgongo, mheshimiwa. Niliegemea."

Chumba kizima kilicheka, naye mwenyewe akacheka. Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe, kisha akauliza swali lililomtisha zaidi: je, tatu na nusu zinatosha kuandikiwa kanuni?

Daktari alifungua mdomo, lakini Mama Vipimo alikuwa bado amesimama.

"Wodi ya watoto saa nane mchana, hata mashine ikiwa imezimwa, ina thelathini na sita," akasema. "Ukitoa tatu na nusu inabaki thelathini na mbili na kitu. Mimi si mganga, sitasema mengi. Nilichoona ni kwamba Jumatano, ilipopoa kiasi hicho hicho tu, watoto walilala."

Kamati haikupitisha kitu siku ile. Kamati hazina haraka. Ila waliandika barua wiki ya tatu, kwamba rasimu imepokelewa na vifungu vyake viwili, kwamba vituo vingine sita vitapakwa rangi na kupimwa, na kwamba wapimaji wazungukie kwanza nyuma ya kuta. Sentensi hiyo ya mwisho Daktari aliikata, akaibandika mlangoni pa maabara. Kuhusu uprofesa, waliambiwa utangojea vituo hivyo sita. Alinuna siku moja. Ya pili alionekana anakoroga rangi.

Mashine ilihamishwa upande wa pili wa uwanja, mbali na wodi zote. Mwezi uliofuata paa la watoto nalo likapakwa, na wiki moja baadaye Sista alipiga simu maabara, hakusema hata habari za saa hizi. "Wiki nzima sijaandika mtoto hata mmoja," akasema. Kisha akakumbuka. "Habari za kwako lakini?"

"Nzuri, Sista. Nzuri sana."

Makala ya utafiti ilipokuwa tayari kutumwa, Daktari alishuka na karatasi moja mkononi, amesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyekuja kuomba kitu.

"Mama, nina aibu kukuuliza hili."

"Uliza."

"Jina lako kamili ni nani? Nimeangalia mafaili yote ya idara. Mpaka kwenye orodha ya funguo umeandikwa Mama Vipimo."

"La nini?"

"Unakuwa wa pili baada yangu. Halafu shemeji yako, halafu Sista."

Mama Vipimo aliona ni utani, akatafuta kicheko usoni kwake, hakukiona. Alijifuta mikono kwenye koti, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akachukua kalamu na kuliandika jina lake kwa herufi kubwa, majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Alipomaliza alilisoma tena kuhakikisha halina kosa.

Nakala ya kwanza iliyochapishwa aliileta nyumbani kwenye bahasha ya kaki ili isikunjike. Mume wake alizima cherehani, akavaa miwani, akaisoma karatasi ya mbele kuanzia juu, akifuata mistari kwa kidole. Yaliyoandikwa hayakumwingia, lakini alipofika kwenye majina kidole kilisimama.

"Huyu wewe?"

"Mimi."

"Na huyu wa tatu ni mdogo wangu? Wewe uko juu yake?"

"Niko juu yake."

Aliinuka bila neno, karatasi mkononi, uzi mwekundu ukining'inia kwenye mkono wa shati. Mama Vipimo alimsikia akibisha kwa jirani wa kwanza, kisha kicheko, kisha akibisha kwa wa pili. Akapakua chakula kwa watu wawili, akakifunika, akatoka mlangoni na kumwita arudi kinapoa. Hakusikia. Alikuwa ameshafika nyumba ya nne, amevaa miwani ya kazi, anamsomea mke wa jirani jina lote la mke wake, yote matatu.